Watu wazima wanacheza nini? Juu ya mchezo wa kuigiza mezani

Wengi munaniuliza: "Yaya, wewe na lisanse yako, Jumamosi munajifungia ndani ya nyumba na dadu. Munacheza pesa?" Hapana, hatuchezi pesa. Kuko na wengine wanaouliza kwa sauti ya chini kama si mambo ya uchawi. Nitajibu yote mawili, lakini kwanza nieleze kile tunachofanya, juu mtu akikielewa vizuri, nusu ya maswali inaisha yenyewe.

Kwa Kifaransa wanauita jeu de rôle. Mimi nasema mchezo wa kuigiza mezani. Hauna kibao kama Ludo, hauna karata wala skrini. Ni watu wanne ao watano wanaozunguka meza. Mmoja ni msimulizi: anaeleza mahali, hali ya hewa, watu munaokutana nao njiani. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, aliyeandikwa kwenye fishi moja: jina, kazi, kile anachokijua, kile anachokiogopa. Msimulizi anaeleza, kisha anauliza swali moja, lile lile, usiku mzima: "Munafanya nini?" Munajibu. Kama jambo ni rahisi, linafanyika. Kama ni gumu na linaweza kuharibika, munarusha dadu.

Basi. Hakuna mshindi. Njo kitu kinachowasumbua watu zaidi ninapowaeleza, kuliko hata uchawi.

Mchezo wenyewe ulizaliwa Marekani, kwa watu waliokuwa wanacheza michezo ya vita na askari wadogo wa meza. Mwaka 1969, huko Minnesota, David Wesely aliwapa wenzake kila mtu nafasi ya mtu mmoja ndani ya mji, pahali pa kuongoza jeshi zima. Mwenzake Dave Arneson akaendeleza hiyo fikra, akakutana na Gary Gygax, na mwaka 1974 wakatoa Dungeons & Dragons: vitabu vitatu vidogo ndani ya sanduku, nakala 1,000 za kwanza. Michezo mingi ya namna hii iliyokuja nyuma ni watoto ao wajukuu wa lile sanduku.

Sisi hatuchezi ile. Vitabu vyake ni vinene na bei yake ni ya kulia, hata kama kanuni za msingi mtu anaweza kuzisoma bure. Tena inaomba dadu yenye pande 20, na hapa Lubumbashi sijui nikupeleke duka gani. Dadu za Ludo ziko kila pahali. Kwa hiyo tulichukua namna ya kurusha ya mchezo mwingine, Apocalypse World, ambao Vincent Baker na Meguey Baker waliutoa mwaka 2010. Unarusha dadu mbili za kawaida, unajumlisha. Ukipata 10 ao zaidi, umefaulu. Ukipata 7, 8 ao 9, umefaulu lakini unalipa kitu. Ukipata 6 ao chini, shida inakuja.

Wale waliosoma hesabu wamekwisha kuona utamu wake. Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa namna 36. Kufaulu bila deni ni namna 6 tu. Shida ni 15. Na ile ya katikati, unafaulu lakini unalipa, nayo ni 15. Maana yake karibu kila mara mbili kati ya tano unapata kile ulichotaka pamoja na bei yake. Mtu aliyetafuta kazi katika huu mji hatashangaa.

Nitoe mfano. Hadithi yetu iko katika miaka ya 1880. Sisi ni msafara mdogo unaotoka upande wa Luapula kwenda Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, ule mfalme wa Wayeke aliyetoka na watu wake upande wa Tanzania ya leo akaishika nchi ya Garenganze mpaka alipouawa Desemba 1891. Tunabeba chumvi na misalaba ya shaba, ile ambayo zamani ilikuwa ni mali na ni pesa. Msimulizi anasema: "Mvua imenyesha siku tatu. Lufira imejaa. Kuko mtumbwi moja tu, na mwenye mtumbwi anaomba misalaba mitatu. Muko na miwili. Munafanya nini?"

Mmoja akataka kubishana bei. Mwingine akataka kungoja usiku na kuiba mtumbwi (huyu kila mara anataka kuiba, na mchana ni mkaguzi wa hesabu, muelewe wenyewe). Kisha dada mmoja ambaye kwa mikutano yetu ya asosiasyon sijapata kumuona akiinua mkono, akauliza polepole: "Ile nyumba ya mwenye mtumbwi, ndani kuko mutu anakohoa?" Msimulizi hakuwa ametayarisha hilo. Akafikiri kidogo, akasema ndiyo, ni mtoto. Mhusika wa yule dada anajua dawa za miti. Akarusha: 4 na 4, nane. Kwa hiyo mtoto anapata nafuu, baba anawavusha bure, lakini anaomba mganga abaki pale mpaka mtoto asimame. Na msafara hauwezi kungoja, juu maji bado yanapanda.

Tulibishana nusu saa, chai ikapoa. Tumwache? Tubaki naye wote na tupoteze chumvi? Hakuna mtu aliyekumbuka kwamba ule mto ni maneno tu. Na yule dada njo aliamua. Alisema: "Endeni. Nitawafuata." Alisema vile hata sisi tukanyamaza.

Hapa njo pahali ninapouona utajiri wa huu mchezo, na njo maana nasema uchezwe na marafiki, si na watu wowote. Katika maisha yetu kuko mpangilio wa nani anasema wa kwanza. Nyumbani ni muzee, kazini ni shefu, kwa mkutano ni prezida wa komite na wale wawili watatu wenye sauti kubwa. Mezani swali "Munafanya nini?" linazunguka, na kila mtu lazima alijibu. Dadu nayo haijui nani ana gari. Mmoja wetu kazini anaamuru watu 40. Mezani ni kijana wa kubeba mizigo, na akirusha 3 anaanguka matopeni sawa kila mtu. Nimejua marafiki zangu vizuri zaidi kwa miaka miwili ya mezani kuliko kwa miaka mitano ya auditwari. Ninajua nani anamwacha mwenzake na nani anabaki. Si kipimo, msinielewe vibaya. Mtu anayeiba mtumbwi wa maneno si mwizi. Lakini kile mtu anachokitamani kinaonekana.

Uchawi sasa. Miaka ya 1980 huko Marekani makanisa na wazazi walipiga kelele sana kwamba Dungeons & Dragons inafundisha watoto mambo ya shetani. Kwa hiyo hofu si ya kwetu tu. Sisi hatuiti pepo, hatusemi dua yoyote. Tunasema "mhusika wangu anafanya hivi", kama vile mcheza teatri wa parokia anayesema maneno ya Pilato bila kuwa Pilato. Mwenye bado ana wasiwasi, aje akae kwenye kona, aangalie. Ataona hasa watu wanaogombana juu ya chumvi.

Swali zito haliko huko. Liko kwa kile tunachokubali kucheza.

Michezo hii ilitoka kwa michezo ya vita, na hata leo mingi inaenda haraka kwa upanga ao bunduki. Kwa mtu ambaye hajapata kukimbia nyumbani kwake, hiyo ni furaha tu. Mwenzetu mmoja alitoka Kivu. Tulipokaa mara ya kwanza kuchagua hadithi, mtu akasema tucheze waasi na askari, leo leo, na silaha za leo. Yeye akasema: "Miye bunduki nimeiona ya kutosha. Hapa sitaki." Hakuleza zaidi na hakuna aliyemuuliza. Tukaandika kwenye karatasi: bunduki za leo hapana, vijiji kuchomwa hapana, ubakaji hapana kabisa, hata kwa kutajwa. Tukaongeza kitu tulichochukua kwa Mmarekani John Stavropoulos: kadi yenye herufi X katikati ya meza. Mtu yeyote akiigusa, kile kilichosemwa kinafutwa, na haombwi kueleza sababu. Kuko wanaosema hiyo inaua mchezo. Mimi naona kinyume: mtu anayejua anaweza kusimamisha anacheza kwa moyo wote. Imeguswa mara mbili tu.

Sasa hiyo karatasi imetuletea kazi. Msafara wetu unakaribia Bunkeya. Na mwenye kujua historia anajua kwamba zile barabara hazikupitisha shaba, chumvi na pembe za tembo peke yake. Zilipitisha na watu waliofungwa, waliouzwa upande wa Angola na upande wa pwani ya Mashariki. Mwalimu wa historia wa kikundi chetu anasema tukiingia Bunkeya bila kuwaona wale watu, tunasema uongo juu ya wazee wetu, na uongo mtamu njo mbaya zaidi. Mwenzetu wa Kivu anasema kamba shingoni mwa mtu ni karibu sana na yale aliyoandika kwenye karatasi. Wote wawili wana haki, na wote wawili ni marafiki zangu, na msimulizi wa zamu hii ni mimi.

Nimefikiria njia moja: wale watu wawepo, tuwakute barabarani, lakini mateso yao yasisimuliwe, swali libaki kwetu, munafanya nini na misalaba miwili mifukoni. Sijui kama itakubaliwa. Tumepatana tuzungumze hilo Jumamosi, fishi zikiwa bado zimefungwa, mbele ya mtu yeyote kugusa dadu.