Sura ya 9: Kuonja Ngama

Mji wa Kilifi uko nyuzi tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta, na hiyo peke yake inamtosha mtu aliyetoka Madagaska au Mauritius kuja kuiacha boti yake kwenye hori letu. Vimbunga vya upande ule wa Bahari ya Hindi huvuma zaidi kati ya Novemba na Aprili, na msokoto wake hutokana na kuzunguka kwa dunia. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu, kimbunga hakipati pa kujisokotea. Lakini pwani yetu haina hirizi. Lindi ilipigwa mwaka 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilibisha hodi Mafia. Hata hivyo mwenye boti akipiga hesabu huona afadhali hapa.

Basi hufunga boti, hupanda ndege, huenda kwao miezi sita au saba. Akilini mwake hofu ni upepo. Mimi niliyelinda boti za watu nimejifunza kuogopa maji, tena maji madogo madogo ambayo hayana mawimbi.

Manahodha wa majahazi walikuwa na njia yao ya kukipumzisha chombo. Kusi likikaza, chombo kilingojewa bamvua, kwa sababu maji yetu ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hiyo ndiyo kreni ya bure. Jahazi likaelea hadi juu ya mchanga, maji yakapwa, likasimamishwa kwa magadi pande mbili. Mafundi wakakalafati nyufa, wakapaka deheni ya chokaa na shahamu chini, na mafuta ya sifa kwenye mbao za juu. Kisha likaezekwa makuti kama banda. Makuti yale hayakuwa ya mvua tu. Mbao ikikaangwa na jua husinyaa, na chombo kilichosinyaa kikirudi majini huvuja kama tenga mpaka mbao zinywe na kufura tena. Jahazi linataka unyevu wake.

Boti ya faiba ni kinyume chake kabisa, na hapa ndipo mazoea ya zamani yanapoweza kumponza mtu. Ukiifunika gubigubi na kuziba kila tundu, umejenga chungu cha kupikia koga. Hewa ya pwani ina maji. Usiku hupoa, mvuke ukageuka matone kwenye dari la ndani, yakadondokea magodoro. Nimewahi kufungua mlango wa boti iliyofungwa miezi saba nikakuta viatu vya ngozi vimeota manyoya ya kijani. Turubai liwekwe juu, lizuie jua, lakini chini yake upepo upite. Makabati na droo ziachwe wazi, magodoro yasimamishwe kwa ubavu. Chakula chote kitoke, hata ule mfuko wa unga uliosahaulika nyuma ya jiko, mende hawasahau.

Matanga yateremshwe yote. Wavivu hulizungushia tanga la mbele kwenye waya wake, wakalifunga kamba, wakaondoka. Jua hula nyuzi za mshono polepole, na usiku mmoja wa upepo mkali tanga hufunguka ncha, likaanza kujipiga mpaka liraruke, wakati mwingine likiivuta boti yenyewe iache nanga. Henza nazo zivutwe mbali na mlingoti, la sivyo zitagonga usiku kucha na majirani watakulaani.

Injini ndiyo inayohitaji subira. Oili ibadilishwe kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi, kwa kuwa oili iliyotumika ina asidi, na asidi haiendi likizo. Tangi la dizeli lijazwe hadi shingoni. Nafasi tupu ndani ya tangi ni hewa, hewa ina mvuke, mvuke huwa maji, na pale dizeli inapokutana na maji huota vijidudu vinavyotengeneza utelezi mweusi wa kuziba chujio. Njia ya kupoozea injini isukumwe maji baridi mpaka chumvi yote itoke. Kisha valvu za kuingiza maji ya bahari zifungwe, moja baada ya nyingine, kwa mkono, ukihesabu kwa sauti. Ile impela ya mpira itolewe kwenye pampu, kwa sababu ikikaa imekunjwa miezi mingi hubaki na kilema. Ifunge kwa uzi pamoja na ufunguo wa injini. Siku utakaporudi na hamu ya kuondoka, huwezi kuwasha kabla ya kuishika mkononi na kukumbuka.

Ikiwa boti inabaki majini, mwachie mlinzi kazi moja inayopimika: kila Ijumaa apige picha ya ubavu wa boti, mahali rangi ya chini inapokutana na maji, akutumie. Maneno kwamba kila kitu kiko sawa hayana thamani. Mstari wa maji hausemi uongo.

Masika moja nilikuwa mimi huyo mlinzi. Picha ya wiki ile ilionyesha mstari umezama upana wa vidole viwili, na mwenyewe yuko Ulaya, anapiga simu sauti inamtetemeka: bahari inaingia, ipandishwe leo leo. Nikapiga makasia, nikainua ubao wa sakafu. Ngama imejaa hadi kwenye mataruma, nyeusi, imetulia. Valvu zote zimefungwa. Nikachovya kidole, nikaonja.

Yalikuwa maji baridi. Mvua ilikuwa ikiteremka na mlingoti, ikapita kwenye tundu lake sitahani ambako ukanda wa mpira ulikuwa umepasuka. Nikakumba ndoo arobaini na kitu, nikauzungushia mlingoti kipande cha mpira wa gari na gundi, ndipo nikampigia.