Je, Wajua? Taarab Ilivuka Bahari Kurekodiwa

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarab Siti binti Saad na wapigaji wake walisafiri kwa bahari kutoka Unguja hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili. Upande mmoja wa santuri ya enzi hizo ulibeba dakika tatu hivi tu. Wimbo mrefu ulikatwa, msikilizaji akageuza santuri ndipo asikie uliobaki. Kero hiyo! Siku hizi mambo ni mepesi. Mfululizo wa albamu uitwao Zanzibara, wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, una taarab ya Ikhwani Safaa ya Unguja, taarab ya Mombasa, na muziki wa dansi wa Tanzania wa miaka ya 1960. Mpenzi wa dansi, jaribu kwanza ile ya Tanzania.