Lugha ya Mhojiwa katika Shahada ya Kwanza ya Saikolojia Tumizi

1.0 Utangulizi

Saikolojia tumizi huchukua yale yaliyogunduliwa kuhusu akili na tabia ya binadamu na kuyapeleka mahali yanapohitajika: darasani, hospitalini, kiwandani, mahakamani na katika chumba cha unasihi. Uhusiano wake na saikolojia nadharia unafanana na ule wa isimu tumizi na isimu nadharia. Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig mwaka 1879 alitaka kujua akili inavyofanya kazi. Lightner Witmer alipofungua kliniki yake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1896, mmoja wa wateja wake wa mwanzo alikuwa mtoto aliyeshindwa tahajia, na alichotaka Witmer ni kumsaidia. Nao Alfred Binet na Théodore Simon walitoa mwaka 1905 kipimo chao cha kuwatambua watoto wa shule waliohitaji mafunzo maalumu.

Waanzilishi hao walikuwa na jambo moja ambalo halikuhitaji kutajwa: walifanya kazi kwa lugha ya mtoto aliyekuwa mbele yao. Kwetu jambo hilo linahitaji kutajwa. Nchini Tanzania na Kenya saikolojia hufundishwa chuo kikuu kwa Kiingereza, lakini sehemu kubwa ya watu watakaohudumiwa na mhitimu watamweleza shida zao kwa Kiswahili. Makala haya yanadai kwamba pengo hilo halizibwi kwa istilahi peke yake. Maneno ya kila siku ya Kiswahili tayari yamebeba nadharia ya nafsi na maradhi yake, na nadharia hiyo inastahili kufundishwa katika shahada yenyewe kama sehemu ya fani.

2.0 Mtaala na mlango wa chumba cha unasihi

Mtaala wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Kwa miaka mitatu au minne mwanafunzi hupitia saikolojia ya jumla, makuzi ya mtoto, saikolojia ya jamii, ujifunzaji na kumbukumbu. Husoma takwimu na mbinu za utafiti (hapo ndipo wengi hugundua kwamba hawakuikimbia hisabati kama walivyodhani). Kisha huingia katika upimaji, saikolojia ya elimu na ya kazi, maradhi ya akili, na unasihi. Mwishoni hupelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi ameketi mbele ya mama wa makamo anayemwambia: "Mwanangu, sina raha. Kichwa kizito, usingizi siupati, nina mawazo tu." Mwanafunzi huyu ni mzawa wa lugha, na anaelewa kila neno. Lakini anaelewa kama mtoto wa nyumbani anavyoelewa maneno ya shangazi yake, wala si kama mtaalamu. Utaalamu wake umehifadhiwa katika lugha nyingine. Kwa hiyo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: anasikiliza, na papo hapo anatafsiri ili ajue maneno hayo yaingie chini ya kichwa kipi cha kitabu chake. Kinachoandikwa katika jalada ni Kiingereza. Mama huyo hakusema hata neno moja la yale yaliyoandikwa, na mtaalamu mwingine atakayelisoma jalada hilo hatakuwa na njia ya kujua alichosema.

3.0 Maneno yenye nadharia ndani yake

Tuanze na neno mawazo, kwa kuwa linatufaa kuliko yote. Linganisha:

(1) a. Ana wazo.
b. Ana mawazo mazuri.
c. Ana mawazo.

Katika (1a) na (1b) tunazungumzia fikra, moja au zaidi. Katika (1c), ambapo nomino iko katika wingi na haina kivumishi, maana imehama kabisa: mtu huyo ana dhiki, kuna jambo linalomla. Wingi hapa si wingi wa hesabu tena. Ni umbo lililoganda na kupata maana yake. Mtafiti anayeuliza "Je, una mawazo?" akidhani anauliza kuhusu fikra, atapata majibu ya swali jingine. Naye anayesikia (1c) na kuandika kwamba mhojiwa "anafikiri" ameiacha dalili kuu nje ya jalada.

Ndugu zetu wa Zimbabwe wamelishughulikia jambo hili mapema. Katika Kishona kitenzi kufungisisa hutokana na -funga, yaani "fikiri", pamoja na kiambishi cha kuzidisha. Maana yake ni kufikiri kupita kiasi. Vikram Patel na wenzake walipotunga Hojaji ya Dalili ya Kishona, iliyochapishwa mwaka 1997, walianza na maneno ya wagonjwa wenyewe, na kufungisisa lilikuwa miongoni mwake. Mwaka 2013 neno hilo liliingizwa katika faharasa ya dhana za kitamaduni za dhiki katika toleo la tano la mwongozo wa Marekani wa maradhi ya akili, DSM-5. Neno la lugha ya Kibantu limefika katika kitabu ambacho wanafunzi wetu wanakariri. Hakuna sababu ya kiisimu ya kulizuia mawazo lisifanyiwe uchambuzi wa aina hiyo.

Mfano wa pili ni kitenzi kujisikia:

(2) a. Anajisikia vizuri.
b. Anajisikia.

Kikiwa na kijalizo, kitenzi hiki huhusu hali ya mwili au ya moyo. Kikiachwa peke yake kina maana ya majivuno. Tofauti hiyo ni ya kisintaksia, na mzungumzaji yeyote huijua bila kufundishwa. Lakini mtunga hojaji anayefupisha maswali ili yaingie katika jedwali huweza kukikata kijalizo na kumwuliza mgonjwa kama ana maringo.

Kisha kuna moyo, roho, nafsi na akili. Vitabu huvichukulia vitu hivi kama visawe vya kishairi vya kitu kimoja. Sivyo. Moyo mzito ni huzuni, roho mbaya ni tabia ya kutowatakia wengine heri, na nafsi humsuta mwenyewe. Kadhalika anayesema "moyo unaniuma" huenda anahitaji daktari wa moyo, na huenda amefiwa. Atakayeamua ni mtu aliyefundishwa kuuliza swali linalofuata.

Kuhusu akili, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 na Elena Grigorenko, Robert Sternberg na wenzao katika kijiji cha Wajaluo nchini Kenya uliona kwamba wazo la akili hugawanywa katika maneno manne: rieko, yaani maarifa na ustadi, luoro, heshima, winjo, uelewa wa namna ya kukabili mambo ya maisha, na paro, uwezo wa kuanzisha jambo. Shule huipima zaidi ile ya kwanza. Wasemaji wa Kiswahili nao humwambia mtoto "huna akili" si kwa sababu ameshindwa hesabu, bali kwa kuwa amepita mbele ya wazee bila kuwaamkia. Mtoto huyo huenda ndiye wa kwanza darasani. Mwanafunzi wa saikolojia ya elimu anayemweleza mzazi matokeo ya kipimo cha akili bila kujua mzazi analitumia neno hilo kwa maana gani, hajamweleza lolote.

4.0 Hojaji ya maswali tisa

Hojaji iitwayo PHQ-9 ilitokea mwaka 2001 na hutumika katika nchi nyingi kuchunguza dalili za sonona. Ina maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu ni 27, na alama 10 huchukuliwa mara nyingi kuwa kikomo cha kumtilia mtu shaka. Matoleo ya Kiswahili yapo na baadhi yamefanyiwa uthibitishaji. Hapa hatulihukumu toleo lolote. Tunaonyesha mitego inayomngoja mfasiri.

Majibu ya hojaji hiyo hutofautishwa kwa idadi ya siku, na jibu la tatu hutaka kusema kwamba tatizo limekuwapo katika siku nyingi kuliko nusu ya siku za majuma hayo. Mfasiri wa haraka ataandika:

(3) Zaidi ya nusu ya siku.

Nomino siku iko katika ngeli ya I-/ZI-, na umbo lake halibadiliki katika umoja na wingi. Kwa hiyo (3) ina maana mbili: zaidi ya nusu ya siku hizo, au zaidi ya nusu ya siku moja, yaani kutwa. Mgonjwa anayesumbuliwa kila siku kwa saa mbili za alfajiri anaweza kuikataa (3) kwa uaminifu kabisa, akachagua jibu la chini yake, na alama zake zikapungua. Dawa ni rahisi: kuongeza kionyeshi, "zaidi ya nusu ya siku hizo", au kutaja namba, "zaidi ya siku saba". Lakini dawa hiyo humjia aliyeuona ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ni wa ngeli. Ikumbukwe kwamba alama moja huweza kumpitisha mtu chini ya kikomo na kumrudisha nyumbani bila msaada.

Mara kwa mara nayo ina utata. Kwa wengine ni "mara nyingi", kwa wengine "mara mojamoja". Ikiwekwa kwenye mizani baina ya "mara chache" na "mara nyingi", kila mhojiwa ataipangia nafasi yake.

Wanasaikolojia watajibu kwamba wana kinga, nayo ni tafsiri rejeshi: mtu wa pili, asiyeiona matini asilia, huirudisha tafsiri katika Kiingereza, kisha matini mbili zikalinganishwa. Utaratibu huo, ambao Richard Brislin aliueleza mwaka 1970, ni mzuri kwa kukamata sentensi iliyorukwa. Kwa makosa ya aina nyingine ni dhaifu. Kiingereza husema mtu mwenye huzuni anajihisi "yuko chini". Mfasiri wa kwanza akiandika "kujisikia chini", mfasiri wa pili, ambaye amesomea shule zilezile, atairudisha neno kwa neno, na matini mbili zitalingana kikamilifu. Kwa mhojiwa asiyejua Kiingereza, maneno hayo hayana maana. Ulinganifu umethibitisha tu kwamba wafasiri wawili wanakijua Kiingereza.

Njia nyingine imekwisha kujaribiwa kwetu. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha uthibitishaji wa hojaji ya Hopkins miongoni mwa wajawazito wenye VVU nchini Tanzania, na mwaka 2008 wakachapisha hojaji ya vipengele 19 iliyoundwa hapahapa. Kazi hizo mbili zinafaa kusomwa sambamba na mwanafunzi wa mwaka wa pili, kabla hajaamini kwamba kipimo ni kitu kinachoagizwa kutoka ng'ambo.

5.0 Kuhusu istilahi

Haina maana kwamba istilahi si muhimu. Kwa dhana moja tu tunayo sonona, mfadhaiko, unyogovu na msongo wa mawazo, na waandishi huchagua wapendavyo. Sonona ina nasaba nzuri, kwa kuwa inahusiana na kusononeka, na msikilizaji huigusa maana yake hata akiisikia mara ya kwanza. Unyogovu, masikioni mwa mwandishi huyu, unakaribiana mno na ulegevu na uvivu. Kumpa mgonjwa jina hilo ni kumwongezea lawama ambayo pengine ndugu zake wamekwisha kumtwika. Msongo wa mawazo ni mpana mno, hutumika hata kwa mwanafunzi aliyekaribia mitihani. Nalo wasiwasi, linalotumiwa kwa hofu isiyo na sababu, lina asili ya Kiarabu ya mnong'ono wa shetani, na wapo wahojiwa watakaolisikia hivyo hadi leo.

6.0 Pendekezo

Tunapendekeza kozi moja ya lazima katika mwaka wa pili, ifundishwe kwa Kiswahili na wahadhiri wawili, mmoja wa saikolojia na mmoja wa isimu, na itahiniwe kwa Kiswahili. Tasnifu za wanafunzi ziambatishwe maneno ya wahojiwa kama yalivyosemwa, majina yakiwa yameondolewa na ridhaa ikiwa imepatikana, ili msomaji aweze kuikagua tafsiri. Kozi haihitaji kungoja orodha ya istilahi ikamilike. Inaweza kuanza na hojaji moja: kila mwanafunzi awasomee watu watano wasiojua Kiingereza swali mojamoja, kisha awaombe walieleze upya kwa maneno yao, na maelezo hayo yaletwe darasani kabla jibu lolote halijapewa alama.