Udongo Uwahi Ungali Maji: Lugha na Maarifa ya Ufinyanzi wa Mkono



Kwa zaidi ya miaka ishirini nimefundisha methali isemayo "Udongo uwahi ungali maji", nikiifasiri kama ifasiriwavyo katika vitabu vingi vya shule: fanya jambo mapema kabla wakati haujapita, mfunze mtoto angali mdogo. Fasiri hiyo si ya uongo. Lakini mtu aliyekwisha kufinyanga hata chungu kimoja ataona kuwa imepungukiwa. Mimi sikuliona pungufu hilo mpaka nilipoketi chini, mtu mzima mwenye shahada zangu, mbele ya bibi mmoja mfinyanzi katika kijiji cha Pwani, nikamharibia udongo wake siku tatu mfululizo. Katika mhadhara huu ninakusudia kueleza jinsi chombo cha jikoni kinavyotengenezwa kwa mkono nyumbani pasipo gurudumu la mfinyanzi, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya lugha yetu inayohusu kazi hii haieleweki barabara isipokuwa kazi yenyewe ieleweke kwanza.

Tuanze na kitenzi. Lugha nyingi za Kibantu huitaja kazi hii kwa kitenzi ambacho wanaisimu wamekiunda upya kuwa *-bumb-. Mganda humwita mfinyanzi omubumbi, Mnyarwanda umubumbyi, Mzulu umbumbi. Na Mumbi, mama wa Wagikuyu katika simulizi zao, jina lake latokana na kitenzi hicho hicho. Katika Kiswahili ile b ya mwanzo ilidondoka, kama ilivyodondoka katika *-bon- ikatupatia ona, nasi tukabaki na umba. Hata hivyo, umba yetu ilipanda daraja: imekuwa zaidi kitenzi cha Muumba na viumbe vyake, na kazi ya udongo ikatwaliwa na finyanga, neno ambalo ndani yake twaiona finya. Kutokana na finyanga tukapata mfinyanzi, kwa kanuni ile ile iliyotoa mjenzi katika jenga na mtunzi katika tunga. Chombo chepesi kuliko vyote, kile bakuli dogo la kuwekea chumvi au pilipili, hutengenezwa kwa kufinya tu: unatwaa donge linaloenea kiganjani, unalitoboa katikati kwa kidole gumba, kisha unaliminya ukuta wake kati ya gumba na vidole huku ukilizungusha polepole. Anayeanza na aanzie hapo.

Kutokuwa na gurudumu si upungufu wa historia yetu. Vyungu ambavyo Robert Soper alivieleza mwaka 1967 kutoka Kwale, nchini Kenya, ambavyo ni vya karne za mwanzo baada ya Kristo, vilijengwa kwa mkono. Vilijengwa hivyo pia vyungu vya wenyeji vilivyochimbuliwa Shanga na Kilwa, miji iliyokuwa ikipokea vyombo vya Uajemi na Uchina vilivyotengenezwa kwa gurudumu na kupakwa rangi ya kung'aa. Wenyeji waliviona vyombo hivyo, wakavinunua, wakavilia, na bado mchuzi wakaupika katika chungu chao. Walikuwa na sababu, na sababu hiyo imo katika udongo.

Udongo wa mfinyanzi hupatikana mabondeni na kandokando ya mito. Ili kuupima, fikicha kidogo ukiwa na unyevu, uusokote uwe kamba nene kama kidole, kisha uizungushe kidoleni kama pete. Ikipasuka, udongo huo hauna mnato wa kutosha. Uliofaa huanikwa, hupondwa, hulowekwa, huchujwa mawe na mizizi, halafu huachwa upungue maji hata uweze kukandwa bila kuganda mikononi. Kwa chombo kitakachokaa motoni huongezwa mchanga au unga wa vigae vilivyopondwa, takriban sehemu moja katika tano. Mtu asiyejua hudhani kuwa mchanga unaupunguzia udongo nguvu. Kinyume chake, punje hizo huufungulia mvuke njia ya kutokea, hupunguza kusinyaa, na huuzuia ufa mdogo usiendelee kuwa ufa mkubwa kila chungu kinapopata moto na kupoa. Chombo chembamba kilicholainika na kupakwa rangi ya kung'aa hakikuumbwa kwa ajili ya kuni na mafiga.

Chungu chenyewe hujengwa juu ya gae, yaani kipande kikubwa cha chungu kilichovunjika, chenye mbonyeo. Donge la kitako huwekwa ndani ya gae hilo, na fundi huligeuza gae kidogo kidogo kwa mkono wa kushoto; wako mafundi ambao huzunguka wao wenyewe, wameinama, wakirudi kinyumenyume. Kamba za udongo hupangwa moja juu ya nyingine, na kila moja husuguliwa ishikane na ya chini yake, ndani na nje, hata mstari wa kiungo usionekane. Kisha ukuta hukwanguliwa kwa kifuu, gamba la kombe au gunzi la hindi mpaka unene wake ulingane. Kitako huachwa cha mviringo, kwa kuwa pembe hupasuka motoni ilhali mviringo huusambaza moto sawasawa, na mafiga matatu hukipokea bila taabu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nimejenga nusu ya chungu, nikaenda kula, niliporudi nikaendelea kwa udongo mpya uliolowa vizuri. Siku ya pili chungu kilikuwa kimeachana kama kifuniko na kopo. Nikaona kosa langu ni kuchelewa, methali si iko wazi? Basi siku ya tatu nikajenga chungu chote kwa mara moja, kingali laini. Kikabonyea kikaketi chini kama kanzu iliyovuliwa. Yule bibi alicheka, kisha akaniambia, "Mwanangu, maji ya huku na maji ya huku yalingane." Udongo wa chini huachwa ukaze kiasi cha kubeba wa juu, lakini mdomo wake hufunikwa jani la mgomba au kitambaa kibichi usikauke. Kwa hiyo methali hii haihimizi haraka. Inazungumzia kipindi chenye mwanzo na mwisho, ambacho ukikitangulia umeharibu na ukikichelewa umeharibu. Sarufi yake nayo yaafiki: haikusemwa "ungali na maji", bali "ungali maji", ambapo maji ni kivumishi, kama tusemapo nguo ingali maji. Hali ya udongo ndiyo inayotajwa. Nawaomba radhi wanafunzi wangu wa zamani kwa maelezo niliyowapa.

Baada ya kukaza, chungu husuguliwa kwa kokoto laini hadi kimetemete, jambo linalozibaziba vinyweleo vyake. Kisha hukaushwa kivulini kwa wiki moja au mbili, si juani, ambako nje hukauka kabla ya ndani. Kukijua kuwa kimekauka, kiweke shavuni: kikiwa baridi, bado kina maji. Chungu chenye maji kikiingizwa motoni hupasuka kwa kishindo, kwa sababu maji hugeuka mvuke haraka kuliko yawezavyo kutoka.

Wanaoishi mijini huniuliza kama jiko la umeme laweza kuchoma chungu. Haliwezi. Majiko mengi ya kuokea hufikia takriban nyuzi 250 za Selsiasi, ilhali udongo hauachi maji yaliyofungamana nao mpaka kati ya nyuzi 450 na 600 hivi. Kabla ya hapo, kitumbukize majini kitarudi kuwa tope. Moto wa wazi wa kuni, maganda na samadi kavu hufikia nyuzi 600 hadi 900. Vyungu hupashwa kwanza polepole pembeni mwa moto, hupangwa juu ya kuni, hufunikwa kwa magae na nyasi, halafu huwashwa siku isiyo na upepo. Wenye joko hutumia joko, neno lenye nasaba na oka.

Bila shaka mmeona jinsi gae linavyorudi kila hatua: ni kibao cha kugeuzia, ni unga wa kuchanganyia, ni kifuniko cha moto. Ndipo tuitazame methali ya pili, "Mfinyanzi hulia gaeni". Nimepata kusahihisha insha iliyomfanya mfinyanzi huyu atokwe na machozi. Kosa hilo linasameheka, maana lia ya machozi na lia iliyonyambuliwa kutoka la hazitofautiani kimatamshi. Mfinyanzi huyu anakula, na chombo chake ni kigae. Twaisoma kama kejeli kwa fundi asiyefaidi kazi yake, na ukweli huo mchungu upo: chungu kizima huenda sokoni. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, hupeleka vyungu vyao kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo karibu na Matema, wala hawawezi kuvila. Lakini kwa mfinyanzi gae si takataka, na msimulizi wa kwanza wa methali hiyo yaelekea alilijua hilo kuliko sisi tuliozoea sufuria.

Kwani majina nayo yanatutoka. Nilipowauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza tofauti ya chungu, nyungu, kaango, mkungu, bia, kuzi na kasiki, wengi walikifahamu chungu, wachache kaango, na mmoja alidhani bia ni ile ya chupa. Kamusi zetu zinayo maneno hayo, ila mara nyingi zinatosheka kusema "aina ya chombo cha udongo". Chenye mdomo mpana au mwembamba? Cha motoni au cha maji? Mtungi wa maji huachwa na vinyweleo makusudi, ili maji yajipenyeze nje, yakauke kwa upepo na kuyapoza yaliyobaki ndani; chungu cha kupikia hutakiwa kinyume chake. Kidahizo kisichoeleza hilo hakijaeleza neno.

Chungu kipya kikishapoa kigonge kwa pingili ya kidole. Kikilia kwa sauti wazi ni kizima. Kikitoa sauti iliyofifia kina ufa, hata kama macho hayauoni. Kizima chemshia uji mwepesi wa mahindi au muhogo, uuache humo usiku kucha, umwage asubuhi. Wanga utakuwa umeziba vinyweleo, na siku hiyo unaweza kupika maharage.