Kabla ya kununua printa, ulizia kwanza bei ya wino

BOTI haiondoki Songo Mnara saa unayotaka wewe. Inaondoka saa bahari inayotaka. Maji yakiwa yamekupwa, abiria wa kwenda Kilwa Masoko anasubiri, hata kama anachokifuata huko ni karatasi nne tu za kuchapisha.

Aliyenifanya niandike makala haya ni katibu wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa kisiwani humo, mama wa makamo. Mimi nilikwenda kuzungumzia hesabu za mwani na pweza. Yeye akanionyesha printa. Ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pamewekwa kopo la maua ya plastiki.

"Bwana shamba, hii ni ya pili," aliniambia. Mimi ni mchumi wa kilimo, lakini vijijini kila anayekuja na kalamu kuulizia mazao ni bwana shamba, nami sikubishana. "Mwanangu aliileta kutoka Dar, aliuziwa kwa bei nzuri. Wino umekwisha hata katiba ya kikundi hatujaimaliza. Tulipoulizia wino mpya, bei yake na ya mashine yenyewe hazipishani sana."

Ya kwanza ilikuwa uvunguni mwa kitanda, nayo ilikufa kwa ugonjwa huohuo.

Kikundi hicho kinataka mkopo wa halmashauri, lile fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani ambalo asilimia 4 huenda kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Anayeomba sharti awe na katiba, mihutasari ya vikao na andiko la mradi. Hata nyaraka zikitumwa kwa mtandao, lazima kwanza zichapwe, zisainiwe, kisha zipigwe picha au zipitishwe kwenye mashine. Kurasa 20 kwa nakala tatu ni kurasa 60. Jina la mwanachama mmoja likikosewa, ni boti tena.

Sasa tupige hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano, maana hubadilika kila meli inapoingia bandarini. Msomaji aweke bei ya duka lake, njia ya hesabu ni ileile.

Printa ndogo za bei ya chini hutumia katriji. Katriji nyeusi namba 123 ya HP, kwa mfano, imekadiriwa kutoa kurasa 120 tu. Tuseme inauzwa Sh45,000. Kila ukurasa umekula wino wa Sh375. Ongeza karatasi: rimu ya karatasi 500 kwa Sh13,000 ni Sh26 kwa kila moja. Jumla ni Sh401. Kama steshenari ya Masoko inatoza Sh300 kwa ukurasa, basi mwenye printa nyumbani anachapa kwa bei kubwa kuliko anayekwenda dukani, na duka lile linapata faida yake humohumo!

Huo ndio mtego. Kwa mashine za aina hii, kampuni huuza printa kwa faida ndogo, pengine hata kwa hasara, ikijua fedha itarudi kupitia wino. Tena katriji inayokuja ndani ya boksi mara nyingi haijajazwa sawasawa na ile utakayonunua baadaye.

Walioanza kuutegua mtego huo ni mafundi. Kule Indonesia walizoea kutoboa printa za watu na kuziunganishia matangi ya wino kwa mipira, nje ya mashine. Epson ilipoona hivyo, mwaka 2010 ikaanza kuuza hukohuko Indonesia printa zenye matangi yake yenyewe. Canon na HP nazo zikafuata. Leo chupa nyeusi namba 103 ya Epson, ya mililita 65, inakadiriwa kurasa 4,500. Ile ya Canon, GI-490 ya mililita 135, ni kurasa 6,000.

Chukua chupa ya kurasa 4,500 kwa bei ya mfano ya Sh35,000. Wino wa ukurasa mmoja hauzidi Sh8. Pamoja na karatasi ni kama Sh34.

Lakini mashine yenyewe ni ghali. Tuseme Sh550,000, wakati ile ya katriji ni Sh120,000. Tofauti ya Sh430,000 inarudi baada ya kuchapa kurasa 1,170 hivi. Anayechapa kurasa 100 kwa mwezi ataifidia kabla ya mwaka kwisha. Anayechapa 10 atahitaji karibu miaka kumi, na mashine haitamsubiri. Huyo wa kurasa 10 asinunue printa yoyote, aendelee na steshenari.

Isipokuwa kama anakaa kisiwani. Kikundi chetu cha kurasa 60 kwa mwezi, kikilinganisha na steshenari kwa bei ya ukurasa pekee, kinaokoa Sh266 kwa kila ukurasa, yaani karibu Sh16,000 kwa mwezi. Kwa mwendo huo mashine itajilipa baada ya miezi 34 na zaidi, na mtu mwenye akili atasita. Weka sasa nauli. Safari mbili kwa mwezi, kila moja Sh10,000 kwenda na kurudi, ni Sh20,000. Akiba inafika karibu Sh36,000, na muda unashuka hadi miezi 15 au 16. Hapo sijahesabu siku ya kazi inayopotea mtu akisubiri maji kujaa.

Kwa hiyo mtu wa Masoko na mtu wa Songo Mnara wanaweza kuchapa kurasa sawasawa, mmoja akashauriwa anunue na mwingine aache.

Wapo watakaouliza habari za printa za leza, zinazotumia unga wa tona. Ni mashine nzuri. Tona ya HP namba 12A inatoa kurasa 2,000, haina chipu ya kumzuia fundi kuijaza upya, na unga haukauki hata ukikaa miezi. Kwa mwenye umeme wa Tanesco anayechapa maandishi meusi tu, leza iliyotumika inaweza kumfaa kuliko zote. Tatizo ni moto. Leza huyeyusha unga juu ya karatasi kwa joto la karibu nyuzi 200, na ndogo kama HP P1102 hula wati 360 inapochapa, zaidi ya hapo inapoanza kupata joto. Inveta ndogo ya sola itapiga kelele na kuzima. Printa ya matangi inachapa kwa wati 15 au pungufu. Kwa nyumba inayotegemea paneli na betri, hoja hiyo peke yake inamaliza mjadala.

Nayo ya matangi ina masharti yake. Wino ni wa maji, hukauka kwenye vitundu vya kichwa cha kuchapia mashine isipotumika. Chapa walau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki. Usiendeshe ovyo ile programu ya kusafisha kichwa, kwani kila ikifanya kazi inamwaga wino. Tangi lisishuke chini ya mstari, hewa isije ikaingia kwenye mipira. Karatasi za pwani hunyonya unyevu na kukwama. Rimu iliyofunguliwa ikae kwenye mfuko wa nailoni au ndoo yenye mfuniko.

Na usikubali matangi yajazwe dukani kama una bahari ya kuvuka. Waliozuru magofu ya Songo Mnara wanajua namna ya kuteremka botini na kupita mikokoni kwa miguu. Mashine iliyojaa wino ikiinama kichwani kwa mchukuzi, ni hasara ya wino na nguo. Iwashwe tu dukani kuona kama inapokea umeme, chupa zibaki na lakiri zake. Uliza pia waya wa kuunganisha na kompyuta, mara nyingi haumo ndani ya boksi, na kuufuata ni nauli nyingine.

Kikundi kimekubaliana kununua ya matangi, yenye sehemu ya kunakilia, baada ya kuuza mwani. Katibu aliniomba namba ya chupa ya wino ili mwanawe asikosee tena huko Dar. Niliiandika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, naye akakibana chini ya kopo la maua.