Kompyuta Hospitalini: Ni Nini Hufanya Mfumo Udumu?

Kamati za sharika na wahisani hutuuliza mara kwa mara kama kompyuta chache zingemaliza tatizo la mafaili kupotea hospitalini. Tatizo si dogo. Faili likipotea, mgonjwa hupimwa tena na kulipa tena, na daktari hajui dawa alizokwisha kutumia. Mgonjwa wa kisukari au wa VVU akiacha kuja kliniki, hakuna anayegundua mapema.

Mfano wa Mosoriot

Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianzisha mfumo wa kompyuta katika Kituo cha Afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, Kenya. Kila mgonjwa alipewa namba yake. Matabibu waliendelea kuandika kwenye fomu ya karatasi, na karani akaingiza taarifa hizo kwenye kompyuta. Muda wa wagonjwa ulipimwa kabla na baada: muda wa kukaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Kutokana na kazi hiyo ulijengwa mfumo wa kliniki za VVU za AMPATH.

Mambo yanayofanikisha mfumo

1. Kuanza na utaratibu wa kazi. Kama rejista za karatasi hazijazwi vizuri, kompyuta itahifadhi makosa yale yale.

2. Mhudumu kunufaika. Muuguzi akipata ripoti ya mwezi bila kuhesabu rejista usiku, ataulinda mfumo. Akilazimika kuandika kila kitu mara mbili, atauacha.

3. Umeme na matengenezo. Panahitajika betri za akiba, nakala ya taarifa inayohifadhiwa mahali pengine, na fundi anayefikika.

4. Kutunza siri. Kila mhudumu awe na neno lake la siri, na aone tu taarifa zinazohusu kazi yake.

Maana yake kwetu

Programu yenyewe siyo gharama kubwa kuliko zote. OpenMRS, iliyoanzishwa mwaka 2004, hutolewa bure. Lakini kompyuta hununuliwa mara moja, na karani hulipwa kila mwezi. Kwa hiyo tunaomba kila mchango wa kompyuta uambatane na fungu la mshahara wa karani, mafunzo na matengenezo. Bila fungu hilo, baada ya miaka michache tutakuwa na mashine zilizofunikwa vitambaa, na mgonjwa bado anasubiri faili lake dirishani.