Dawa Isipopatikana, na Iandikwe

Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika katika maduka ya Tanzania, na jambo hilo halikuwa siri ya mtu. Lilisemwa sokoni, lilisemwa katika mabasi, lilisemwa Bungeni, na Serikali ikatoa vibali ili sukari iletwe kutoka ng'ambo. Ndivyo ipasavyo. Kitu kitumiwacho na kila nyumba kikipungua, kila nyumba hupiga kelele.

Lakini uko uhaba mwingine usio na kelele. Mtu mwenye ugonjwa wa kisukari hufika kwenye dirisha la zahanati, kichupa kitupu mfukoni, akaambiwa, "Insulini haipo, ndugu, pitia wiki ijayo." Hugeuka akaenda zake. Nyuma yake yupo mwenye kikohozi, naye husogea mbele. Kesho yake yule wa kwanza hukopa nauli akaitafute dawa mjini. Au hapati wa kumkopesha, basi hupunguza sindano, akitumaini kichupa cha mwisho kitamvusha. Ni juu ya mtu huyo tutakayosema leo, na zaidi ni juu ya lile dirisha aliloliacha bila jina lake kuandikwa popote.

Kwanza yatupasa kufahamu kwamba insulini si sawa na dawa ya homa. Ni homoni ambayo mwili wa mtu asiye na maradhi huitengeneza wenyewe katika kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, na kazi yake ni kuifungulia sukari ya damu njia ya kuingia katika nyama ya mwili. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambacho wengi hukipata wangali watoto au vijana, kongosho lake limekoma kuitengeneza. Kwake yeye sindano imeshika mahali pa kiungo. Wala hawezi kuimeza kama kidonge, kwa kuwa tumbo huisaga kama lisagavyo nyama ya kitoweo. Akiikosa kabisa, mwili huanza kuyachoma mafuta yake wenyewe, damu hujaa asidi, na katika siku chache mtu huyo aweza kufa. Wapo na wenye aina ya pili ambao nao hudungwa insulini; hao aghalabu hawafi upesi hivyo, ila hulipa polepole kwa macho, kwa figo na kwa miguu.

Dawa hii si ngeni duniani. Iligunduliwa mjini Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 1921, na mwezi Januari 1922 kijana mmoja wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa. Mwaka 1923 wagunduzi waliuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa bei ya dola 1 kila mtu, maana hawakutaka ugunduzi huo uwe mali ya tajiri mmoja. Hapo kale ilikamuliwa katika makongosho ya nguruwe na ng'ombe. Tangu mwaka 1982 imeuzwa ile itengenezwayo na vijidudu vilivyofundishwa kazi hiyo katika mapipa ya kiwandani. Maarifa yapo, basi. Hata hivyo, zaidi ya miaka 100 baadaye, sehemu iliyo kubwa mno ya biashara ya insulini ya dunia nzima imo mikononi mwa makampuni matatu tu: Novo Nordisk ya Denmark, Eli Lilly ya Marekani na Sanofi ya Ufaransa. Wachache wakishika mlango, wao ndio wenye kusema ufunguliwe saa ngapi.

Wenzetu wa Afrika Kusini waliyaona hayo mwaka 2024. Kwa muda wa miaka mingi hospitali zao za serikali zilikuwa zikiwapa wagonjwa kalamu za insulini, ambazo mtu huzungusha namba akajidunga, pasipo kuhangaika na kichupa na bomba. Mkataba ulipokwisha, Novo Nordisk haikuomba kuendelea. Kampuni ilisema kwamba uwezo wa viwanda vyake una mpaka. Watetezi wa haki ya afya walijibu kwamba viwanda hivyo hivyo vilikuwa vikitoa kwa wingi kalamu za dawa ya kupunguza unene, ambayo katika nchi za matajiri huleta fedha nyingi kupita insulini ya maskini. Msomaji na apime mwenyewe. Lililo dhahiri ni kwamba bibi mwenye macho hafifu, aliyezoea kuhesabu milio ya kalamu, aliambiwa arudie bomba lenye mistari midogo kama nywele.

Mwaka 1923 makampuni hayo hayakuwa na nguvu hizo, wala mwaka 1941 hayakuwa na njia ya kufika kila mahali. Katika mwaka huo vita viliufunga mji wa Shanghai nchini China, Wajapani wakautawala, na insulini ikaondoka madukani. Alikuwako huko mwanamke kijana, mkimbizi kutoka Ulaya, jina lake Eva Saxl, mgonjwa wa kisukari. Yeye na mumewe Victor, ambao hawakuwa waganga, walisoma katika kitabu cha utabibu jinsi wagunduzi wa kwanza walivyofanya, wakapata nafasi katika maabara, wakanunua makongosho ya nyati wa kufugwa. Dawa waliyoipata ilikuwa na rangi ya kahawia. Waliijaribu kwa sungura kwanza, kisha Eva akajidunga mwenyewe, kisha wakawagawia wengine, zaidi ya 200, hata vita vikaisha. Hatusimulii haya ili mtu aende machinjioni. Anayejaribu hivyo leo atajiua. Tunayasimulia kwa sababu ya jambo moja ambalo wasimuliaji hulipita haraka: watu wale walihesabu. Walijua wagonjwa ni wangapi, na dawa iliyopo itatosha siku ngapi.

Sasa turudi kwenye dirisha la zahanati tukahesabu na sisi. Kichupa cha kawaida kina mililita 10, na kila mililita ina yuniti 100. Jumla yuniti 1,000. Tuseme zahanati ina wagonjwa 20, na kila mmoja atumia yuniti 40 kwa siku. Hao kwa siku moja wahitaji yuniti 800, na kwa siku 90 wahitaji yuniti 72,000, yaani vichupa 72. Haya, tuseme katika miezi 3 iliyopita rafu ilikaa tupu nusu ya muda. Vichupa vilivyotolewa vitakuwa 36. Mwenye kuagiza atafungua daftari lake, ataona "vilivyotumika: 36", naye kwa uaminifu wake wote ataagiza 36. Bohari italeta 36, tena kwa wakati, na kila mtu atakuwa ametimiza wajibu wake. Na katikati ya kipindi rafu itakuwa tupu tena. Mwaka utakaofuata watasema wagonjwa wa hapa ni wachache.

Hivyo ndivyo uhaba uzaavyo uhaba. Hapana mwizi katika hesabu hii, wala hapana mvivu. Kuna wagonjwa walioambiwa "haipo" wakaondoka kimya, na kwa kuondoka kimya wakajifuta katika daftari. Tumesikia watu wakisema kwamba kuandika aliyekosa ni kujitafutia lawama kutoka juu. Sisi twaona kinyume. Daftari lisiloonyesha aliyekosa ni daftari la uongo, hata kama kila tarakimu iliyomo ni ya kweli.

Kwa hiyo mgonjwa asiondoke dirishani kabla ya kuandikwa: jina, aina ya insulini, yuniti zake kwa siku, na tarehe aliyokosa. Aombe kwa adabu, lakini asichoke. Na mwenye kuagiza aagize kwa hesabu ya watu, si kwa hesabu ya vichupa vilivyotoka.

Lakini karatasi haishushi sukari ya mtu usiku wa leo. Yapo mambo ya kufanya wakati dawa imepungua. La kwanza, mwenye aina ya kwanza asiache insulini hata siku moja kwa shauri lake mwenyewe, wala asiibadilishe kwa mizizi ya mtu apitaye mtaani. Kikibaki kichupa cha wiki moja, hiyo ndiyo wiki ya kumwona mganga. Akianza kutapika, kupumua kwa nguvu, au pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, hiyo ni safari ya hospitali saa ile ile.

Akipewa aina nyingine badala ya ile aliyoizoea, asidhani ni maji yale yale katika chupa nyingine. Insulini ya kawaida iliyo angavu hudungwa kama nusu saa kabla ya chakula, na baadhi ya zile mpya hudungwa mtu akiwa mezani tayari. Anayezichanganya huweza kuanguka kiwandani kwa kuishiwa sukari. Tena atazame bomba. Yapo mabomba ya dawa ya yuniti 40 kwa mililita na ya yuniti 100. Akivuta dawa ya 100 kwa bomba la 40 mpaka mstari wa 20, atakuwa amejidunga yuniti 50. Kalamu nayo isitumiwe na watu wawili, hata ndugu wa tumbo moja, hata sindano ikibadilishwa, maana damu hurudi ndani yake.

Juu ya joto, wengi hutupa dawa nzuri kwa hofu. Kichupa kisichofunguliwa mahali pake ni jokofu, wala kisigande barafu. Lakini utafiti uliochapwa mwaka 2021, uliofanywa na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva kwa kufuata joto lililopimwa katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki 4 katika joto lipandalo na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu zake. Asiye na jokofu na atumie mtungi: chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati, na kitambaa chenye maji juu. Dodoma kwenye hewa kavu hupoza vizuri. Tanga na Mombasa kwenye unyevu hupoza kidogo, lakini hata hapo ni afadhali kuliko dirishani penye jua.

Limebaki la mahali pa kazi. Mfanya kazi anayejidunga ahitaji nafasi safi, saa ya kula isiyoahirishwa, na wenzake wawili watatu wajuao kwamba akitetemeka na kutoka jasho, apewe maji ya sukari maadamu aweza kumeza. Hayo tawi la chama cha wafanya kazi laweza kuyapata kwa mkutano mmoja na msimamizi. Na katika mkutano huo huo tawi liteue mtu wa kwenda zahanati kila mwisho wa mwezi, akaombe kuonyeshwa idadi ya waliofika na idadi ya waliopewa. Majina asiulize, hayo ni siri ya wagonjwa. Aulize namba mbili tu, na kama hazilingani, aulize barua ya maombi ilipelekwa bohari lini.